Dobi Povu na Ada ya Bafu la Zamani

Siku za jua kali, nyumba ya Povu haionekani. Ukisimama njiani unaona mashuka tu. Meupe yako mbele, ya rangi yako nyuma, na sare za wauguzi zinapunga mikono upande wa jikoni. Ukitaka kumwona mwenye nyumba, huna budi kuinama na kufuata sauti.

Sauti haikosekani. Povu ni dobi, tena dobi msemaji. Akifua, anaongea. Akikamua, anaongea. Akiwa peke yake na pasi, huongea na nguo.

"Wewe kola," utamsikia, "leo utanyooka, au unataka kuninyoosha mimi?"

Jina lake la kwenye vyeti hulitumia benki tu. Mtaani ni Povu, na mwenyewe amelipenda. Mkewe ni Mama Pacha. Yeye hupokea nguo, huzitia alama kwa uzi wa rangi, na huhakikisha suruali ya mwalimu haiendi kwa muuza nyama. Tangu waanze kazi hii hajapoteza hata soksi. Povu hupenda kusema kwamba mkewe angeweza kuchunga siafu, na jioni wakarudi wote.

Walianza na mabeseni na kamba moja. Sasa nyumba za wageni zinaleta mashuka, zahanati inaleta sare, na majirani wanaleta mapazia. Kazi imekua. Ua umebaki vilevile.

Asubuhi moja Povu alikuwa anapita mbio na ndoo. Suruali mbichi ikamchapa usoni. Ndoo ikamponyoka, naye akaenda chini, pwaa, juu ya mashuka ya watu. Mama Pacha alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatazama yale mashuka yenye matope, akaacha kucheka.

"Baba Pacha," alisema, "tukianika shuka moja zaidi hapa, sisi wenyewe tutalala njiani. Tutafute mahali."

Mahali palikuwepo. Mwisho wa mtaa wao kulikuwa na jengo lililokuwa bafu la umma. Zamani, kabla nyumba hazijavutiwa maji, mtaa mzima ulikuwa unaoga pale. Watu walipopata mabomba majumbani, bafu likafungwa. Lakini jengo lilikuwa imara. Sakafu ilikuwa ya vigae, yenye mteremko mzuri wa kutoa maji. Madirisha yalikuwa juu, ya kutolea mvuke. Povu alipoingia mara ya kwanza alipiga makofi, asikie mwangwi wake.

"Mke wangu," alisema, "jengo hili lilikuwa linanisubiri mimi!"

Mwenye jengo, mama mmoja mpole, alikubali kuwapangisha.

"Ila msinikalishe sana bila jibu," aliwaambia. "Kuna muuza saruji anataka kuligeuza ghala. Ninyi nawapenda zaidi, lakini siwezi kula mapenzi."

Basi wakapeleka maombi kwenye ofisi ya baraza la mji. Walikuwa wameweka akiba ya kununua mashine za kufulia. Walingoja jibu kwa furaha. Jibu likaja: kibali kitatolewa baada ya kulipa ada ya miundombinu.

Povu alisoma kiasi kilichoandikwa. Akasoma tena. Akampa mkewe karatasi.

"Soma wewe. Macho yangu leo yananitania."

Mama Pacha akasoma. Macho ya Povu hayakuwa na utani wowote. Ada ile ilikuwa karibu sawa na bei ya mashine zote walizotaka kununua.

Siku ile Povu alipiga pasi bila kusema neno. Wateja walidhani anaumwa. Muuguzi mmoja alimgusa paji la uso.

"Siumwi, dada," alijibu. "Nimeishiwa maneno tu."

Jioni akaja kaka yake Mama Pacha. Huyu ni fundi bomba, mtu wa mikono mikubwa na moyo wa haraka. Akasikiliza habari yote, akapiga paja.

"Shemeji, hili nalo ni jambo la kunyima watu usingizi? Ingieni kimyakimya. Bomba nitaliunganisha mwenyewe. Nani atajua?"

Povu aliinua kichwa. Wazo lilimwingia kidogo. Lakini Mama Pacha alikuwa ameshaweka mkono kiunoni.

"Kaka, mashine ya kufulia ikianza kuzunguka, hata aliyelala mtaa wa pili atajua. Wakitufungia siku hiyo, mashuka ya watu yatakuwa ndani. Nitawaambia nini wateja? Kwamba tumefua lakini tumefungwa?"

"Sasa mtafanyaje?"

"Tutauliza. Hatujui hata hii ada ni ya nini. Nawezaje kubishana na kitu nisichokijua?"

Jirani yao wa nyumba ya pili alikuwa afisa mipango wa baraza la mji. Watoto walimwita Shangazi Ramani, kwa sababu kila siku alirudi na ramani zilizokunjwa kwapani. Watu wazima nao wakalichukua jina hilo. Siku ya pili alikuja kuchukua mapazia yake. Mama Pacha akamvutia kiti.

"Shangazi, mapazia yako tayari. Lakini hutoki hapa mpaka utueleze kitu."

Shangazi Ramani aliisoma ile karatasi. Kisha akaliangalia beseni lililokuwa karibu.

"Povu, ukimwaga maji ya beseni hili, yanakwenda wapi?"

"Kwenye bomba la maji machafu."

"Na bomba linakwenda wapi?"

"Mbali. Sijawahi kulifuata."

Shangazi akacheka. "Linapita chini ya mtaa mzima. Linabeba maji ya kila nyumba. Sasa ikija biashara mpya, inaleta maji mapya. Inaleta magari ya mizigo. Inaleta taka. Bomba lililowatosha watu wa jana haliwatoshi wa leo. Mtaro unafurika. Barabara inachimbika. Lazima baraza lipanue vitu hivyo, na fedha zitoke mahali. Ndiyo maana anayejenga au kufungua biashara hutoa mchango. Hiyo ndiyo ada ya miundombinu."

"Kumbe si faini?" aliuliza Povu.

"Faini kwa kosa gani? Wala si kodi ya kila mwaka. Ni mchango wa mara moja, kwa ajili ya mzigo mpya unaoletwa na biashara yako."

Fundi Bomba, yule kaka yake Mama Pacha, alikuwa amekaa pembeni akila. Akaguna. Povu akakuna kichwa. Mama Pacha alikuwa akikunja pazia, na mikono yake ikasimama.

"Shangazi, umesema mzigo mpya?"

"Mzigo mpya, ndiyo."

"Lile jengo lilikuwa bafu. Mtaa mzima uliogea mle. Maji yale hayakuwa yanaingia kwenye bomba hilohilo?"

Shangazi Ramani alimtazama. Akaitazama tena karatasi. Uso wake ukaanza kucheka kabla ya mdomo.

"Mama Pacha! Hapa wamekadiria kana kwamba mnajenga kwenye kiwanja kitupu. Wameangalia ukubwa wa jengo na aina ya kazi. Matumizi ya zamani hayakuhesabiwa."

"Basi yafutwe yote!" Povu aliruka. Maneno yalikuwa yamemrudia.

"Tulia wewe. Pengine dobi anatumia maji zaidi kuliko bafu, pengine analizidi kidogo tu. Sheria ndogo za baraza zinawapa haki ya kuomba makadirio yapitiwe upya. Mhandisi atakuja kupima. Mtalipia ile tofauti peke yake."

"Utatusaidia, jirani?" aliuliza Mama Pacha.

"Kuwaeleza njia, nitawaeleza, kama ninavyomweleza yeyote anayekuja ofisini. Kuwapitishia mlango wa nyuma, hapana. Nikiwapendelea ninyi nitakuwa nimemwonea mwingine."

"Tunataka mlango wa mbele," alisema Mama Pacha, na akamtupia jicho kaka yake. Fundi Bomba akashughulika sana na sahani yake.

Ombi likapelekwa. Wiki iliyofuata mhandisi wa baraza akaja, kijana aliyevaa kofia ngumu. Fundi Bomba naye alikuwepo. Aliinua kifuniko kizito cha chemba ya maji machafu kama mtu anayefunua sufuria.

"Tazama, mhandisi!" alisema. "Bomba la kutokea lina upana wa kuingiza mguu wangu wote. Hili lilijengwa kwa watu wengi."

Mhandisi akachuchumaa na kupima. Akamgeukia Povu. "Wewe unatumia maji kiasi gani kufua mashuka?"

Swali hilo lilikuwa sawa na kumfungulia Povu bomba. Alieleza jinsi anavyofua, anavyosuuza, na anavyosuuza tena. Akaeleza kwamba maji ya suuzo la mwisho huwa karibu safi, kwa hiyo hayamwagi. Huyatumia kuloweka nguo zinazofuata. Hata kwenye mashine mpya alipanga kuweka tangi la kuyahifadhi.

"Ngoja, ngoja," alisema mhandisi, akiandika mbio. "Hilo la tangi ni muhimu. Linapunguza maji mnayoyatoa. Nitaliweka kwenye hesabu."

Walipotoka nje, mhandisi alisimama mbele ya jengo. Mtaro wa maji ya mvua ulikuwa umebomoka kuanzia mlangoni mpaka kona. Mvua ikinyesha, maji yaliingia kwa fundi viatu na kwa muuza vitabu.

"Huu nao umo kwenye mipango yetu," alisema. "Sehemu ya ada yenu ingekuja hapa."

Fundi Bomba akautazama mtaro. Akautazama tena. "Huu? Huu mbona naujenga mimi mwenyewe! Nipeni saruji na mawe."

"Sheria zetu za sasa hazina kifungu cha kupokea kazi badala ya fedha," alisema mhandisi. "Lakini kuna mkutano wa wananchi unakuja. Baraza linataka maoni kuhusu ada hii. Njooni mseme."

Makadirio mapya yalipotoka, ada ilikuwa imeshuka sana. Povu alimbusu mkewe mbele ya wateja, na wateja wakashangilia. Hata hivyo ilikuwa bado kubwa. Wangeilipa yote kwa mkupuo, wasingebakiwa na fedha za mashine. Na muuza saruji alikuwa ameonekana akipima milango ya jengo kwa macho.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Walikuwepo mafundi magari, wasusi, wenye maduka na wazazi waliotoka kazini. Mwenyekiti wa baraza alimwita Shangazi Ramani aeleze. Akasimama mbele ya ramani kubwa ya mji.

"Ndugu zangu, ada hii inajenga mitaro na barabara. Tukiifuta, ujenzi utasimama. Lakini ikiwa nzito mno, biashara ndogo hazitafunguliwa, na baraza halitapata chochote. Kuna njia za kuipunguza makali. Kwanza, kuondoa kwenye ada thamani ya matumizi ya zamani ya jengo. Hiyo tunayo, ila watu hawaijui, na sisi wenyewe tumekuwa tukiisahau. Tunaweza pia kupokea ada kwa awamu, baada ya biashara kufunguliwa. Tunaweza kukubali mtu ajenge mtaro au njia ya miguu kwa kipimo chetu, na kazi hiyo ikatwe kwenye ada yake. Na tunaweza kuweka kiwango cha chini kwa biashara ndogo, mradi tujue pengo litazibwa na nini."

Mweka hazina, mwanamume mrefu mwenye sauti nzito, aliinua mkono.

"Tukipunguza kwa kila anayelia, mitaro itajengwa na malaika?"

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti akauliza nani mwenye biashara angependa kujibu. Mama Pacha alimsukuma Povu kwa kiwiko. Povu akasimama. Watu walipomgeukia wote, maneno yakamkimbia kama kuku. Akakohoa. Akamwangalia mkewe. Mkewe akampa uso ule anaompa kila Povu anaposahau jina la mteja.

"Mheshimiwa," alianza, "mimi ni dobi. Maji machafu ninayajua kuliko watu wengi humu."

Watu wakacheka, naye akapata nguvu.

"Sikuja kuomba nisilipe. Nikifua, maji yangu yatapita mbele ya nyumba za wenzangu. Ni haki nichangie. Lakini mnataka nilipe yote leo, wakati mlango haujafunguliwa, mashine hazijanunuliwa, na sijafua hata leso. Mnanikamua nikiwa mkavu! Nipeni nafasi nilowe kwanza. Nikifungua, nitalipa kidogo kidogo mpaka niimalize."

Makofi yakapigwa. Mweka hazina hakuonyesha kukasirika, ila hakulegea.

"Na ukifungua, ukala faida, ukahama bila kumaliza? Nitakufuata wapi?"

Mama Pacha akasimama.

"Mheshimiwa, leseni ya biashara tunaikata upya kila mwaka, hapo hapo ofisini kwenu. Asiyelipa awamu zake, msimpe leseni. Hamna haja ya kumfuata. Atawafuata yeye."

Mweka hazina akamgeukia mwenyekiti. "Huyu mama angetufaa ofisini kwangu."

"Haendi popote!" Povu akapiga kelele. "Soksi za mji huu nani atazilinda?"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko, mwenyekiti mwenyewe akafuta machozi.

Fundi Bomba naye akasimama, akaeleza habari ya mtaro. Mzazi mmoja akauliza kama mitaro ya kujengwa na watu itakuwa imara. Mhandisi akajibu kwamba ataikagua kabla ya kukata chochote kwenye ada. Mwenye duka kubwa akataka ada ipunguzwe kwa wote. Mweka hazina akakataa, akasema basi pengo litaangukia kodi za wakazi. Walibishana sana, lakini kwa adabu.

Kikao cha baraza kilichofuata kikapitisha mabadiliko. Malipo kwa awamu yakakubaliwa, yakifungwa na leseni. Kazi badala ya fedha ikakubaliwa, kwa ukaguzi wa mhandisi. Wafanyakazi wa ofisi wakaagizwa waulize kila mwombaji jengo lake lilitumika kwa nini zamani. Kuhusu kiwango cha chini kwa biashara ndogo, walikubali kukijaribu kwa mwaka mmoja, kisha watazame hesabu. Ombi la mwenye duka kubwa halikupita.

Povu alipopata habari alikuwa amebeba kapu la nguo mbichi. Alicheza nalo kichwani kutoka uani kwake mpaka kwa mwenye jengo.

"Mama, waambie wenye saruji watafute ghala kwingine!"

Kazi ikaanza. Fundi Bomba akajenga mtaro kwa mawe na saruji, na wenye maduka wakamsaidia kuchimba. Mhandisi alikuja na rula yake. Mara ya kwanza akakataa sehemu moja, akasema mteremko hautoshi. Fundi Bomba alinuna, akabomoa, akajenga upya. Mara ya pili mhandisi akampa mkono wa hongera. Thamani ya mtaro ikakatwa kwenye ada.

Siku ya kufungua, mashine zilisimama kwenye vigae vyeupe zikimeta. Povu aliitumbukizia ya kwanza mashuka, akabonyeza. Mashine ikanguruma, ikajaza maji, ikaanza kuzunguka. Watu wakashangilia kana kwamba timu yao imefunga bao. Wanawake wawili wa mtaani walipata kazi siku hiyohiyo, mmoja wa kupiga pasi, mwingine wa kupokea nguo pamoja na Mama Pacha. Ua wa nyumbani ukabaki wazi, na mapacha wao wakapata mahali pa kurukia kamba.

Wiki chache baadaye mvua kubwa ikanyesha. Fundi viatu alitoka mbio na ufagio, kama alivyozoea. Muuza vitabu akaanza kupandisha vitabu kwenye meza. Kisha wote wakasimama milangoni. Maji yalishuka, yakaingia kwenye mtaro mpya, yakakata kona, yakaenda zake. Hakuna hata tone lililopanda kizingiti. Fundi Bomba alisimama mvuani bila mwavuli, ameloa chapachapa, akiyatazama kama baba anayemtazama mtoto akitembea.

Povu analipa awamu zake mpaka leo. Mashine zinafanya kazi, kwa hiyo fedha za awamu zinapatikana. Akienda kulipa, mstari mzima hufurahi, maana huwachekesha mpaka mwenye zamu ya kuhudumiwa anasahau kusogea.

Juzi aliingia fundi magodoro, mtu wa mtaa wa juu. Alikuja kuchukua mashuka, lakini uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Nilitaka kufungua karakana kwenye stoo ya zamani ya mbao," alisema. "Nimeona ada, nimekata tamaa. Nafikiri nitahamia mji mwingine."

Povu akaacha pasi. "Kaa hapo, ndugu yangu. Kwanza unajenga mtaro, halafu unaomba awamu, halafu..."

"Baba Pacha, unamchanganya mtu," alisema mkewe. Akamgeukia mgeni. "Hiyo stoo ilikuwa inatumika kwa kazi gani? Magari ya mizigo yalikuwa yanaingia?"

"Sana! Kila siku, mpaka barabara ikachakaa."

Mama Pacha akatabasamu. Akalitundika koti lake la kazi msumarini, akachukua mwavuli.

"Basi twende ofisini sasa hivi, kabla hawajafunga. Njiani nitakueleza maana ya mzigo mpya."

Wakatoka. Nyuma yao Povu aliirudia pasi yake na shati la mtu.

"Umesikia wewe?" aliliambia. "Mwenzako anakwenda kunyooshewa mambo. Na wewe nyooka!"